Mstari Nilioongeza Igalula

Umeme ukikatika jioni hapa Gongoni, Tabora, kinyozi jirani yangu huwasha jenereta yake, nami huacha chochote ninachokifanya. Mlio ule wa kukohoa kwanza, kisha kuunguruma mfululizo, hunirudisha kwenye uwanja wa mpira wa utotoni mwangu, siku ambazo gari la sinema lilikuja Tabora. Lilikuwa gari la serikali, la kijivu, lenye kipaza sauti juu ya paa, na lilipopita mitaani mchana likitangaza, hakuna mtoto aliyemaliza kazi aliyotumwa. Magharibi ikishaswaliwa tulikuwa tumejaa uwanjani, tumekaa juu ya mchanga ambao ulibaki na joto hata baada ya jua kuzama. Shuka kubwa jeupe lilifungwa kwenye milingoti ya goli. Harufu ya petroli ilichanganyika na ya karanga za kukaanga, na ya nta iliyogandia nguo za watu waliokuja kutoka Ipole kuuza asali. Kisha taa ikawaka ndani ya gari, na watu wakubwa kuliko nyumba wakatokea kwenye shuka, wakipalilia tumbaku, wakichemsha maji ya kunywa, wakijenga kijiji cha Ujamaa huku wakicheka.

Watu wote walikaa mbele ya shuka. Mimi nilikaa nyuma yake, kwa sababu Ami Khalfani alipenda kukaa huko. Ukiwa nyuma unaona picha ileile, ila kila mkulima anashika jembe kwa mkono wa kushoto na maandishi yote yamegeuka. Sauti nayo huisikii vizuri. Ami alisema hiyo ndiyo faida yake: usiposikia maelezo, unalazimika kuangalia.

Ami Khalfani alikuwa mdogo wa baba yangu, kitinda mimba wa Bibi. Katika nyumba zetu zenye asili ya Omani baba mdogo huitwa ami, ingawa Uarabu wetu wakati ule ulikuwa umebaki kwenye majina, kanzu za Ijumaa na maneno machache ya kusalimiana. Mama yangu alikuwa Mnyamwezi wa Sikonge. Jikoni kilisemwa Kinyamwezi, barazani Kiswahili, na Kiarabu kilikuwa cha msikitini. Babu wa baba yangu alifika hapa Unyanyembe na misafara iliyotoka pwani kufuata pembe za ndovu, na katika njia hiyohiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo. Nyumbani kwetu pembe zilitajwa mara nyingi. Minyororo sikuisikia hadi siku nitakayoisimulia hapa.

Karibu na Uhuru Ami alipata nafasi ya kwenda kusoma Kairo, na ukoo mzima ulitarajia arudi akiwa kadhi, au angalau maalim mkubwa. Alirudi baada ya miaka mingi akiwa amevaa suruali na miwani, na kichwa kimejaa mashairi. Hayakuwa mashairi tuliyoyajua sisi. Sisi tulikuwa na kasida za maulidi, zenye vina vinavyogonga mahali pake kama nyundo ya fundi bati. Yake hayakuwa na vina. Alisema washairi wapya wa Kiarabu, vijana wa mijini, wamechoka kulia na kusifu kwa maneno makubwa. Wanaingia sinema mchana, wakitoka wanaandika kwa namna macho yao yalivyozoeshwa mle ndani: kwanza kikombe mezani, karibu kabisa, hadi unaona alama ya mdomo ukingoni, halafu ghafla mtaa mzima unavyoonekana kutoka juu ya paa, halafu mkono unaofunga dirisha. Mshairi hakuambii kwamba mtu ameachwa. Anakuonyesha kiti cha pili, basi. Picha moja inakatwa, nyingine inawekwa kando yake, na huzuni inazaliwa katikati, pale ambapo hapakuandikwa neno.

Jioni moja aliwasomea wazee barazani shairi la namna hiyo, kwanza kwa Kiarabu, kisha akalieleza kwa Kiswahili. Maalim Hilali, aliyetufundisha Kurani sote, baba na Ami wakiwemo, alisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho. Kisha akafumbua moja.

“Khalfani,” alisema, “hapa umesoma shairi au umetaja vyombo vya nyumba?”

“Nimetaja vyombo, Maalim.”

“Basi mke wangu ni mshairi mkubwa. Kila asubuhi hunitajia vyote, na vilivyopungua pia.”

Baraza zima lilicheka, na Ami alicheka kuliko wote. Hakuwa mtu wa kununa. Lakini siku iliyofuata aliniita nyuma ya nyumba, akatoa kiberiti mfukoni, akamwaga njiti kiganjani na kunipa ganda lake tupu, lililo wazi pande zote mbili. Aliniambia niweke jicho hapo nimtazame Bibi, aliyekuwa ukumbini anachagua mchele.

“Unaona nini?”

“Bibi ana huzuni.”

“Huzuni umeiona wapi? Ina rangi gani?”

“Usoni, Ami.”

“Haya, uso unafanya nini?”

Nikatazama tena. Uso wa Bibi haukuwa unafanya kitu. Ila mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo, vidole vimefunguka, kana kwamba umesahau ulichokifuata. Nikamwambia hivyo. Ami akasema kwa sauti ndogo, “Hapo sasa. Usiongeze kitu.” Msimu ule wote nilizunguka mtaani na ganda la kiberiti jichoni. Niliona kisigino cha fundi cherehani kinavyopumzika uzi ukikatika. Niliona gunia la nta linavyoacha doa la mviringo mgongoni mwa mchukuzi. Watoto wenzangu walisema nimerukwa na akili, hasa Masanja, rafiki yangu na jirani wa dawati, ambaye aliniuliza kama ndani ya kiberiti kile mlikuwa na chakula.

Bibi alikuwa na sababu ya kusimamisha mkono. Kaka mkubwa wa baba alikuwa ameshahamia Maskati, kama walivyofanya wengi miaka ile, na kila msafiri aliyetoka huko alileta ujumbe uleule: njooni, kuna kazi, mtoto aliyesoma Kairo atafanya nini Tabora? Baba hakuwa na nia ya kuondoka. Ami ndiye aliyekuwa kwenye mizani. Alikuwa amechukuliwa kufundisha Kiswahili katika shule yetu ya msingi, lakini kwa mwaka wa majaribio, na baba alimwambia wazi mbele yetu wakati wa chakula: wakikuthibitisha, kaa, wasipokuthibitisha, mfuate kaka yako, maana duka hili halitoshi kulisha nyumba mbili. Ami alikubali. Aliniambia baadaye kwamba hapa anaitwa Mwarabu, na akifika kule ataitwa Mswahili, kwa hiyo bora abaki mahali anapoitwa kwa jina lisilo lake lakini anajua njia zote. Tena alikuwa na jambo alilotaka kulifanya. Alitaka kuandika mashairi ya namna ile kwa Kiswahili, kuhusu Tabora, na alijua kwamba Maskati hapatakuwa na mtu wa kuyasikiliza.

Wakati huo ndipo watu wa vijijini walipokuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vya Ujamaa. Tulikuwa tukiona malori yakipita na magodoro, kuku na vikongwe. Ikaja habari kwamba kijiji kipya karibu na Igalula kitafunguliwa rasmi, na shule yetu itapeleka watoto kwa treni wakaghani ngonjera. Asiyeishi miaka ile huenda hajui ngonjera ilikuwa na nguvu gani. Watoto wawili walisimama wakijibizana kwa beti, mmoja mjinga wa siasa na mwingine mwerevu, na lazima mjinga ashindwe, aelewe, kisha wote wageukie hadhira na kutoa somo. Tulizifahamu hata usingizini. Mwalimu Kulwa, mwalimu mkuu wetu, alimwagiza Ami aandae moja, na kwa kuwa uthibitisho wake ungeandikwa mwezi uleule, kila mtu nyumbani alimtaka aandike kama wengine wanavyoandika.

Aliandika ngonjera ya kawaida, ya Masanja na msichana mmoja wa darasa letu. Kisha akaandika shairi fupi la kufungulia, akanipa mimi. Bado nalikumbuka lote:

Mlango umeegeshwa kwenye mti.
Mafiga matatu, jivu bado lina joto.
Kuku amerudi, anazunguka uwanja.
Lori linapanda mlima.
Kitanda kiko juu, miguu inatazama mbingu.
Mtoto amekaa juu ya kitanda,
ameshika ufunguo.

Mwalimu Kulwa alilisoma mara mbili. Aliuliza Ujamaa uko wapi humo. Ami akamjibu kwamba huko ndiko lori linakokwenda. Mwalimu Kulwa, ambaye hakuwa mtu mbaya, alicheka, akasema ni fupi, halina tusi, lipite. Nilipolighani darasani kwa majaribio, wenzangu walisubiri. Nilipokaa chini bado walikuwa wanasubiri. “Shairi lako kama gari lililoishiwa petroli,” Masanja aliniambia. “Somo liko wapi? Watu watajuaje wapige makofi saa ngapi?” Nilicheka naye, lakini maneno yake yaliniingia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilitaka makofi kuliko nilivyotaka chakula.

Tulikwenda Igalula kwa treni ya asubuhi, tumevaa kaptula zilizopigwa pasi hadi zikang’aa. Reli ile inaambatana kwa sehemu kubwa na njia ya misafara ya zamani, na Ami alinionyesha dirishani miembe iliyosimama peke yake porini, akasema palikuwa na kambi hapo. Kijijini tulikuta nyumba zimepangwa mistari iliyonyooka, udongo wake bado mbichi. Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi, wengi wao, kimya zaidi ya watu wa sherehe. Mgeni rasmi alikaa mezani pamoja na viongozi wa kijiji na wa Chama. Ilipofika zamu yangu nilisimama, nikasema mistari ile polepole kama nilivyofundishwa.

Sijawahi tena maishani kusikilizwa namna ile. Niliposema mlango umeegeshwa kwenye mti, mwanamke mmoja wa mbele alivuta khanga akaziba mdomo. Niliposema kuku amerudi, mzee mmoja aliitikia kwa Kinyamwezi, taratibu, kama mtu anayesadikisha habari aliyoletewa. Nilipomaliza na ufunguo, palikuwa na kimya ambacho leo najua kuwa hicho ndicho Ami alichokuwa amekitafuta tangu Kairo. Mimi nilikisikia kama kushindwa. Hakuna aliyepiga makofi. Nikamwona Masanja pembeni, ananitolea macho. Basi nikafanya kile ambacho kila ngonjera ilikuwa imenifundisha kufanya. Nikageukia hadhira, nikanyoosha mkono, nikatoa somo:

“Na hivi ndivyo tulivyohama kwa furaha!”

Kwanza alicheka kijana mmoja nyuma kabisa. Kisha akacheka aliyekaa karibu naye, na kicheko kikaja mbele kama upepo kwenye mtama, hadi mwanamke yule wa khanga akawa anacheka huku anajifuta macho. Walinipigia makofi mengi sana. Niliinama kwa shukrani. Nilidhani nimeliokoa shairi.

Mgeni rasmi hakucheka. Alisubiri hadi wakanyamaza, kisha akauliza nani ametunga. Nikamwonyesha Ami kwa kidole, kwa majivuno. Ami alisimama. Mgeni alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, akamuuliza jina lake na la baba yake, na alipoyasikia akatikisa kichwa. “Ndugu Mwalimu,” alisema, bila kupaza sauti, “babu zako walipita njia hii wakiwahamisha watu wetu kwa minyororo. Leo wewe unatufanyia kejeli kwamba tunahamisha watu kwa lori?” Hakuna aliyecheka tena. Ninavyomfahamu Ami, alikuwa na majibu mengi, lakini lile la minyororo lilikuwa kweli, na hakuwa mtu wa kubishana na kweli kwa sababu imesemwa na aliyekasirika. Akasema, “Nimekusikia, Ndugu,” akakaa.

Katika treni ya kurudi Mwalimu Kulwa alikuja kukaa mbele yetu. Alikuwa anatafuta njia ya kumsaidia. Hilo nililiona hata mimi. “Khalfani,” alisema, “karatasi niliyoisoma mimi iliishia kwenye ufunguo. Ule mstari wa mwisho ulikuwamo?” Ami hakunitazama mara moja. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, ndipo akanitazama. Alikuwa ananipa nafasi. Neno moja lingetosha, na katika umri wangu lingeniletea viboko viwili na kusahauliwa. Niligeuza uso nikatazama nje. “Ulikuwamo,” Ami alisema. “Niliuongeza mwishoni.” Mwalimu Kulwa alishusha pumzi, akarudi kwenye kiti chake.

Ami hakuthibitishwa. Nyumbani baba aligomba, si kwa sababu ya shairi, bali kwa sababu Ami alikataa kujitetea. Bibi hakugomba. Alianza kumtengenezea visheti vya safari wiki nzima kabla ya wakati, akivikaanga na kuvigawa kwa majirani, kisha akianza upya. Mara kadhaa nilisimama mlangoni mwa chumba cha Ami nikiwa na maneno tayari. Alikuwa akinikaribisha kama kawaida, tukazungumza kuhusu mpira, nikaondoka na maneno yangu. Siku aliyoondoka stesheni ilijaa ndugu. Aliwaaga wote kwa mkono, mimi akanishika kichwani. “Uwe unaangalia,” aliniambia. Nikaitikia, “Ndiyo, Ami.” Hayo ndiyo yote tuliyosemezana.

Nilisoma hadi kidato cha nne, nikafanya kazi ya ukarani, nikaoa, nikastaafu. Bibi alikufa Ami akiwa kule. Habari zake zilikuwa zikija kwa mdomo: ameoa, ana duka la matairi, watoto hawajui Kiswahili. Hakuna aliyesema habari za mashairi. Siku hizi wajukuu wangu wana simu zenye picha nyingi kuliko zilizoonyeshwa na gari la sinema katika utoto wangu wote, na kila picha inakuja na sauti ya mtu anayekuambia ucheke au ushangae. Siwalaumu. Mimi ndiye niliyeanza, kule Igalula. Lakini mara nyingine natamani nimwonyeshe mmoja wao mkono uliosimama juu ya ungo, na sijui nianzie wapi, maana nyumba hizi mchele unanunuliwa ukiwa umeshachaguliwa.

Mwaka uliopita Ami alikuja. Mwanawe alimleta kuona kaburi la Bibi, na kabla hajamshusha garini mwanawe aliniambia pembeni, kwa Kiswahili cha kubahatisha, kwamba baba yake anasahau. Nilimwamkia, “Shikamoo, Ami,” akaitikia “Marahaba” kwa sauti ileile, kisha akaniita kwa jina la baba. Hakulitambua baraza. Kiswahili chake kilikuwa kizima, cha Tabora ya zamani, chenye maneno ambayo sisi tumeshayaacha. Tulikunywa chai. Nilipoona mwanawe ametoka nje kuongea na simu, nikamsomea shairi, lote, nikaishia kwenye ufunguo.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

“Nzuri hiyo,” alisema. “Nani katunga?”

Nikamwambia ni mwalimu mmoja aliyekuwa akifundisha hapa zamani. Kwamba mtoto mmoja aliongeza mstari usio wake mbele za watu, na alipopewa nafasi ya kusema, akanyamaza, na mwalimu yule akapoteza kazi na mji wake.

“Mtoto mkubwa?”

“Wa darasa la sita.”

“Ah,” alisema Ami, akachovya kipande cha mkate kwenye chai. “Basi huyo mwalimu hakukasirika. Mtoto wa darasa la sita utamkasirikia nini?”

Nimelipima jibu hilo mara nyingi tangu alipoondoka. Limetoka kwake, kwa sauti yake, lakini hakujua kwamba ni yeye aliyekosewa, na sijui kama msamaha wa namna hiyo unahesabiwa. Siku ile katika treni alikuwepo mtu wa kumwambia ukweli, nami sikuwa na neno. Sasa nilikuwa na maneno yote, nikayasema mpaka mwisho, na mtu mwenyewe hakuwepo, ingawa alikuwa amekaa mbele yangu, anapuliza chai yake ipoe.